Jokofu la Chumba Kikubwa

Ninayo heshima, kwa niaba ya Kamati ya Wilaya ya Mapokezi ya Jokofu, kuutangazia umma wa Podgoreni na taifa zima kwamba zoezi la kuimarisha chanjo wakati wa janga limekamilika kwa mafanikio makubwa, na kwamba wote wanaonong'ona mtaani eti limekwenda mrama ni watu wasiojua maana ya maandalizi. Taarifa hii nimeiandika nikiwa nimesimama. Sababu ya kusimama nitaieleza mahali pake, kwa kuwa mimi ni mtu wa utaratibu.

Jina langu ni Haralambie Tofan, Katibu wa Kamati. Kabla ya janga nilikuwa Katibu wa Kamati ya Kupunguza Kamati, chombo ambacho tulilazimika kukipanua mara mbili kutokana na wingi wa kazi. Kwa hiyo jokofu lilipokuja, hapakuwa na mjadala nani atalishughulikia.

Lilikuja mwaka wa pili wa barakoa, mwezi wa nne, juu ya lori la wafadhili. Usidhani ninazungumzia friji ya kuwekea kabichi ya siki. Hili lilikuwa refu, jeupe, na mlango wa kioo, na taa ndani, na kidirisha cha kuonyesha kiasi cha baridi. Dereva aliyelileta alikuwa kijana wa mji mkuu, na adabu zake zilikuwa za huko huko.

"Wazee, chomekeni tu ukutani," alisema, mkono mmoja mfukoni. "Chanjo za janga rafu ya juu, za watoto rafu ya chini. Basi, kwisha kazi."

Mwenyekiti wa Wilaya, Mheshimiwa Serafim Bostan, alimkodolea macho.

"Chomekeni tu? Kijana, kwenu kitu kipya mnakitumia hivihivi?"

"Sasa mzee, friji utaifanyia nini kingine?"

"Ondoka hapa," alisema Mheshimiwa, "kabla sijakuvunjia heshima."

Kwetu kitu kizuri hakitumiwi. Kila nyumba ya watu wanaojiheshimu ina Chumba Kikubwa: zulia bora ukutani, mito imepangwa mpaka inagusa dari, vitambaa vya kudarizi kila mahali, na hakuna anayeingia. Familia yote inabanana jikoni, watu sita na paka, ili Chumba Kikubwa kibaki safi kwa ajili ya mgeni. Mke wangu ana vikombe alivyopewa siku ya harusi yetu. Vimekaa kabatini miaka yote hii vikimsubiri mgeni anayestahili kuvinywea, na hajatokea. Mimi mwenyewe bado sijastahili.

Basi Mheshimiwa Bostan akaamuru jokofu nalo lipatiwe Chumba Kikubwa chake. Kwenye kituo cha afya chumba kimoja tu kilifaa, chenye sakafu ya mbao na madirisha mawili ya jua. Kilikuwa chumba cha kuchanjia watoto. Tulikihamisha chote siku moja. Ukutani palikuwa na tembo na sungura waliochorwa na mtu asiyejua kuchora. Tukawafunika na zulia jekundu lenye mawaridi. Mito ikapangwa. Jokofu likavishwa kitambaa cha kudarizi, kikafungwa fundo mbele, likapendeza mpaka mlinzi akavua kofia. Kisha Mheshimiwa akafunga mlango kwa kufuli na kuutia ufunguo mfukoni mwa kizibao chake.

Waya wa umeme tuliuviringisha vizuri ukafichwa nyuma ya mto, maana ulikuwa unaharibu picha.

Hapa wajinga huuliza kwa nini hatukulichomeka. Nawajibu. Wizara ya Mapokezi na Uzinduzi, ambayo ndiyo wizara mama katika nchi yetu kwa kuwa nyingine zote huisubiri, imeweka wazi kwamba mali ya umma haitaanza kazi kabla ya kuzinduliwa. Kifaa ambacho hakijazinduliwa, kisheria, bado hakijafika. Sasa wewe niambie, unachomekaje kitu ambacho hakijafika?

Nesi wa watoto, Parascovia, pamoja na friji yake ya zamani, tukamhamishia kwenye korido, katikati ya mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Mimi binafsi nilimchagulia mahali penye mwanga. Wiki ileile nikatoa waraka wa kupambana na janga: milango yote ya majengo ya umma ibaki wazi mchana kutwa ili hewa ipite. Waraka ulikuwa na muhuri mara mbili. Na hewa, kwa kutii waraka, ikapita.

Ndipo wananchi wakaanza ukorofi. Watu wetu hubishana kuhusu kila kitu. Juu ya ugonjwa wa janga kuna wanaosema upo, kuna wanaosema haupo, na kuna shemeji yangu anayesema upo lakini umetumwa. Ila juu ya upepo wa milango miwili hakuna mbishi hata mmoja, tangu profesa hadi mchunga mbuzi. Mlango ukiwa wazi huku na mwingine ukiwa wazi kule, upepo ukakupita katikati, kwisha habari yako: unapinda shingo, unaziba masikio, unavimba fizi, unakufa. Kila mtu ana shangazi aliyekufa hivyo. Mimi ninao wawili.

Kina mama walifika kituoni na watoto wao, wakaona pazia linavyopepea, wakageuka.

"We Parascovia, unataka kuniulia mjukuu?" bibi mmoja alipiga kelele toka getini, amemfunika mtoto kichwa kwa shali lake lote.

"Siyo mimi, bibi, ni Kamati!"

"Funga basi mlango mmoja!"

"Waraka umekataza!"

"Ala! Waraka ndio utakaomlea akipinda shingo?"

Nililichukua suala hilo kwa uzito. Niliunda kamati ndogo ya kufungua milango bila kuruhusu upepo. Ilikaa mwezi mzima. Mimi mwenyewe nilipotembelea korido kukagua hali, nilipita mbio, kiganja kimeziba sikio, kwa sababu taifa lingepoteza nini endapo ningeugua?

Mwezi wa saba, joto likiwa la kupasua kichwa, ile friji ya zamani ilinguruma, ikatikisika kama inataka kutoka nje, ikanyamaza. Mji mkuu ukasitisha kutuletea chanjo za watoto, eti hatuna pa kuzihifadhi. Chanjo za janga zenyewe hazikuathirika: zilikuja kila Ijumaa ndani ya masanduku ya barafu, zikachomwa katika ukumbi wa harusi kwa wachache waliojitokeza, zilizobaki zikarudi jioni zilikotoka. Nilizihesabu zote, za kwenda na za kurudi, kama huduma zilizotolewa.

Parascovia aliingia ofisini kwangu bila hodi.

"Katibu, nipe ufunguo wa kile chumba."

"Dada Parascovia, keti kwanza. Ufunguo wa nini?"

"Wa friji!"

"Jokofu halijafika."

"Halijafika vipi nawe? Asubuhi nimelipangusa vumbi kwa mikono yangu hii, Mheshimiwa amesimama mlangoni ananiangalia nisije nikagusa waya!"

"Basi umelipangusa kabla halijafika. Hilo ni kosa, lakini nitalifumbia macho."

Akaniambia kwamba wilaya jirani kuna surua, na kwamba shule ya chekechea ya kwetu kuna watoto wameanza kuvimba mashavu. Nikamshukuru kwa maoni yake. Nikayaandika: maoni.

Ningependa niishie hapo, ila ukweli wa kiutumishi unanitaka nitaje pia kwamba suala hili lilikuja kunifuata hadi nyumbani. Binti yangu Otilia alirudi siku zilezile kutoka Padova, ughaibuni, anakofanya kazi ya kutunza wazee, na mtoto wake Sanda, mwaka mmoja na ushei. Mumewe alibaki huko kwenye ujenzi. Mwezi wa tisa Otilia alitakiwa kurudi kazini, na Sanda alishapata nafasi kwenye chekechea ya huko, kwa sharti moja: afike na cheti kwamba ameshachomwa ile sindano ya surua, matubwitubwi na rubela. Bila sindano hawampokei mtoto, uwe unajuana na nani.

Tulikuwa jikoni, tumebanana, tunakula mamaliga, ule ugali wetu wa mahindi, na jibini. Sanda alikuwa mapajani pangu ananivuta tai.

"Baba, nimetoka wilaya jirani," Otilia alisema. "Nimeomba wamchome Sanda. Wamekataa."

"Wamesemaje?"

"Wamenisomea waraka. Kila mtoto achomwe alikoandikishwa. Unajua umesainiwa na nani?"

Nikakohoa kidogo. "Ni waraka mzuri. Unazuia msongamano."

"Baba!" Alipiga kijiko mezani. "Bila sindano hawampokei. Asipopokelewa siwezi kwenda kazini, na nisipokwenda kazini wananifukuza, tutakula nini? Nitamwacha hapa. Unanisikia? Nitamwacha mwanangu kwa mama, nije kumtazama kwenye simu. Nusu ya watoto wa mtaa huu mama zao wanawajua kwa sura ya kwenye simu. Niliapa wangu hatakuwa hivyo. Niliapa, baba."

"Uzinduzi uko karibu."

"Unaujua ule ufunguo uko wapi. Umwambie tu Bostan afungue mlango. Dakika moja, achomeke waya. Kuna nini?"

Sanda alikuwa anatafuna ncha ya tai, ananitazama. Nikainuka nikaenda kufunga dirisha, maana la upande wa pili lilikuwa wazi pia.

"Utaratibu ni utaratibu, mwanangu," nikasema.

"Wacha wee," alisema mke wangu, anakusanya sahani. "Vikombe vyangu navijua kwa nini sivitumii. Wewe hujui hata friji ni ya nini."

Ratiba ya Waziri wa Mapokezi na Uzinduzi ilisogezwa mbele mara kadhaa, kwa sababu za msingi. Kwanza ilibidi mashina ya miti yote ya njia kuu yapakwe chokaa. Kisha ikagundulika kwamba utepe tuliokuwa nao ulikuwa wa kuzindulia daraja la mto, na jokofu halina hadhi ya utepe wa daraja. Mwishowe siku ikapangwa, mwishoni mwa mwezi wa nane. Otilia akakata tiketi mbili za ndege na kunionyesha. Alisema, "Nakuamini, baba, mara hii tu." Nikafurahi sana moyoni, sikuonyesha.

Wakati huo chekechea yetu ilikuwa imefungwa. Watoto walivimba mashavu mmoja baada ya mwingine, akiwemo mjukuu wa Mheshimiwa Bostan, Iustin, ambaye siku zile alikuwa anaonekana dirishani kwa babu yake uso umekuwa duara. Mheshimiwa alitoa tamko kwamba ni upepo wa milango miwili, na akaagiza chekechea ijengewe pazia. Wale mabibi wanaouza mbegu za alizeti sokoni hawakuwa na lugha ya kiserikali. "Matubwitubwi hayo," walisema, wanatema maganda. "Hata kuku anaona."

Siku ya uzinduzi ilipofika nilikuwa kituoni tangu alfajiri, nimevaa suti ya harusi yangu. Mheshimiwa Bostan alishuka garini kichwa kimefungwa shali la mkewe, fundo juu utosini, ncha mbili zimesimama. Chini ya shali mashavu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye kola. Shingo sikuiona.

"Ni upepo, Haralambie," alisema kwa taabu. "Juzi nilipita kwenye ile korido. Ulinipata hapa, ukatokea hapa."

"Pole sana, Mheshimiwa. Unapendeza hata hivyo."

Otilia alikuwa amesimama kando ya geti na Sanda begani. Alimwona Mheshimiwa, akarudi nyuma hatua kadhaa, akamgeuza mtoto uso ukutani.

"Mheshimiwa, samahani," aliita kutoka kulekule. "Hayo ni matubwitubwi. Mjukuu wako anayo. Rudi nyumbani ukalale, utaambukiza watu."

Mheshimiwa alimgeukia kwa mwili mzima, kwa kuwa shingo haikuwa inageuka.

"Binti," alisema, "matubwitubwi ni ya watoto. Mimi ni Mwenyekiti wa Wilaya."

Hoja hiyo haikupata mpinzani.

Waziri alifika na msafara wake, na hapa naomba nisifie nidhamu ya kiafya iliyoonyeshwa. Kila mgeni alipimwa joto kwenye paji la uso. Kila mgeni alipakwa dawa mikononi. Barakoa zilikuwa na nembo ya taifa. Sakafuni tulibandika alama, kila mtu akasimama kwenye alama yake, mbali na mwenzake, wakasalimiana kwa viwiko. Mpiga picha mmoja aliyekosea alama alitolewa nje.

Kisha ikafika zamu ya mkate, chumvi na glasi.

Kwetu mwenye nyumba humimina divai ya pishi lake kwenye glasi moja. Anakunywa yeye kwanza, wageni waone haina sumu. Anajaza tena ileile, anampa mgeni wa kwanza, naye anaimaliza, inajazwa, inaendelea kwa jirani yake, mpaka imzunguke kila mtu. Glasi moja. Kumletea mgeni glasi ya peke yake ni kumwambia kwamba unamwona mchafu, na watu wameshapigana harusini kwa jambo dogo kuliko hilo. Kamati haikuwa na mamlaka ya kuitusi serikali.

Mheshimiwa Bostan alilegeza shali, akanywa kwa shida, nyingine ikamtoka pembeni mwa mdomo, akaikinga kwa ukingo wa glasi irudi ndani, isipotee. Akajaza. Waziri akashusha barakoa, akanywa yote, akapandisha barakoa. Naibu Waziri akashusha, akanywa, akapandisha. Mkurugenzi wa Utepe vilevile. Kamishna wa Makofi vilevile. Walifanya mmoja mmoja, kila mtu kwenye alama yake, dawa ya mikono ikitangulia glasi. Mimi nilikunywa wa mwisho. Ilikuwa divai nzuri mno, ya zabibu za kilima cha kusini.

Mlango wa Chumba Kikubwa ukafunguliwa. Utepe ukakatwa. Makofi yakapigwa, na kabla hayajaisha Otilia akapenya katikati ya walinzi.

"Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Sasa limezinduliwa. Tunaweza kulichomeka?"

Waziri hakumsikia. Alikuwa anatazama zulia la mawaridi, mito ilivyopanda mpaka darini, kile kitambaa na fundo lake. Alivua miwani akaifuta.

"Nimezindua mabwawa," alisema. "Nimezindua madaraja, na daraja moja mara tatu. Sijapata kuona jokofu lililoheshimiwa namna hii. Marehemu mama yangu angelia."

Akatamka palepale kwamba hili litakuwa Jokofu la Mfano la Taifa, libaki kama lilivyo, lisiguswe wala kufunguliwa, ili wajumbe wa wilaya zote waje kujifunza. Mheshimiwa Bostan akafunga kufuli, ufunguo ukarudi kwenye kizibao.

Otilia alinigeukia. "Baba. Sema kitu."

Watu wote walikuwa wananitazama. Nilikuwa na mikono miwili tu, nikapiga makofi.

Aliondoka. Jioni nilimkuta chumbani anapanga sanduku moja. Nguo za Sanda alikuwa anazirudisha kwenye droo, moja moja, anazikunja upya hata zile zilizokuwa zimekunjwa. Nilisimama mlangoni nikitafuta la kusema, na lililonijia lilikuwa kwamba Podgoreni imeingia kwenye ramani. Sikulisema. Hilo nalihesabu kama mafanikio yangu binafsi. Kesho yake alipiga simu Padova, akaomba wiki chache za huruma, wakampa kwa masharti.

Wiki mbili na siku kadhaa baadaye, simu ya ofisi ililia. Alikuwa katibu muhtasi wa Waziri.

"Tofan, mlimlisha nini Waziri?"

"Kwa nini?"

"Amevimba kutoka sikio hadi sikio. Tumemfuta kwenye taarifa ya habari. Naibu naye leo asubuhi. Mkurugenzi wa Utepe hafungui mdomo."

"Mlikaa penye milango miwili?" nikauliza.

Siku ya pili mimi mwenyewe niliamka nina mashavu ya mtu mwingine. Nikayafunga shali. Na kwa wasiojua, nawafahamisha kuwa kwa wanaume wazima ugonjwa huu unaweza usiishie shavuni. Hushuka. Hushuka mpaka mahali ambapo wizara haina msamiati wa kupataja. Wiki hiyo uongozi mzima wa Wizara ya Mapokezi na Uzinduzi ulifanya kikao ukiwa umesimama, miguu imeachana, na ajenda ilikuwa moja. Mke wangu aliponiona natembea kutoka chooni alishika ukuta kwa kicheko, kisha akaniletea mfuko wa cheri zilizoganda, akisema nisije nikazirudisha kwenye kapu la chakula.

Kule wizarani, wale ambao glasi haikuwafikia waliingiwa na kiwewe. Wakaitaka sindano, ileile ya watoto, haraka, wakubwa kwa wadogo. Ndipo sheria yao wenyewe ikawashika koo: chanjo ya umma haihifadhiwi ila kwenye kifaa kilichozinduliwa, na kwa miaka mingi wizara ilikuwa bado inaandaa mazingira ya kuzindua. Wakapekua nchi nzima, wakakuta friji kuukuu ambazo sheria ilizivumilia kwa ajili ya watoto tu. Jokofu lililozinduliwa kihalali lilikuwa moja tu, na lilikuwa Podgoreni, limevaa kitambaa. Amri ikaja kwa simu, bila barua, bila muhuri, sijapata kuona uhuni kama ule: chomekeni sasa hivi, mzigo uko njiani na polisi.

Hapakuwa na wa kwenda kuchukua ufunguo. Kamati nzima ilikuwa kitandani. Otilia akavaa barakoa, akaenda mwenyewe nyumbani kwa Mheshimiwa Bostan. Nasimulia kama alivyomsimulia mama yake, huku wote wawili wakifuta machozi ya kicheko. Mheshimiwa alikuwa amelala chali, mto chini ya kila goti. Kizibao kilikuwa juu ya kiti.

"Weka chini," alisema Mheshimiwa. "Ufunguo huo ni wa serikali."

Otilia akauchomoa mfukoni mbele ya macho yake, akaupunga hewani.

"Inuka basi uuchukue."

Mheshimiwa alijaribu kuinuka. Akarudi alipokuwa.

Parascovia alitoa mito yote nje, akavua kile kitambaa, akavuta waya, akauchomeka. Taa ikawaka. Hakuna aliyepiga makofi, na nasema kwa masikitiko kwamba jokofu lilianza kufanya kazi vilevile. Zulia likaondolewa ukutani, na wale tembo na sungura wabaya wakatokea tena. Mtaa ulishapata habari. Asubuhi kina mama walikuwa ndani ya chumba na watoto wao, juani, madirisha ya upande mmoja tu yamefunguliwa, bila upepo hata wa kuzima kiberiti.

Saa nne yakaja magari meusi. Walishuka wakurugenzi, makamishna, washauri, wasaidizi wa washauri. Kwa kuwa chumba kilikuwa kimejaa watoto, walipangwa kwenye korido, katikati ya mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Pazia lilikuwa linapepea. Waliziba masikio, walipandisha kola, mmoja alivaa begi kichwani.

"Dada, tufungie mlango mmoja tafadhali!" aliita Mkurugenzi wa Itifaki.

"Waraka hauruhusu, mheshimiwa," alijibu Parascovia. "Kuna janga."

"Waraka wa nani huo?"

Parascovia akanyoosha kidole kwangu. Nilikuwa nimejikongoja mpaka pale uani, shali kichwani, nimeegemea mti uliopakwa chokaa, mbali na watu kama nilivyoamriwa. Wizara yote ikanigeukia. Sijawahi kuonwa na viongozi wengi kiasi hicho kwa wakati mmoja.

Wa kwanza kuchomwa alikuwa Sanda. Tulimsikia akipiga ukelele mmoja mkali.

"Inauma sana?" aliuliza mshauri mmoja kwa sauti ndogo.

Otilia alitoka na mtoto kiunoni, cheti kwenye meno yake. Aliwapita wale wote bila kuomba njia, wao wakabana ukutani. Akachukua kiti cha pekee kilichokuwa pale korido, ambacho Mkurugenzi wa Itifaki alikuwa anakinyemelea, akakileta mpaka uani, akakiweka hatua chache mbele yangu.

"Baba, keti."

"Siwezi, mwanangu."

"Najua," alisema.

Safari hii nilitazama huku na huku nisione dirisha wala mlango wa kwenda kufunga. Sanda alinipungia mkono, machozi bado yapo mashavuni, mashavu yake madogo ya kawaida. Otilia akaniambia anakwenda kutoa nguo za mtoto kwenye droo, ndege yao ni Jumamosi.

Nimeshaandaa pendekezo la kamati ya kuchunguza ni nani aliyechomeka jokofu kabla ya kikao. Kwa sasa akidi haitimii, kwa sababu ukumbi una viti tu.

Kuhusu wageni wetu, walisubiri kwa utulivu mpaka mtoto wa mwisho alipotoka. Jua lilikuwa limeshageuka. Parascovia alichungulia, akaona mstari ulivyofika hadi nje, akavua glavu.

"Za leo zimekwisha," alisema. "Njooni kesho."

"Kesho saa ngapi?" akauliza Mkurugenzi wa Itifaki, kiganja sikioni.

"Kesho," akasema Parascovia. Akafunga mlango wa chumba, na ile miwili ya korido akaiacha wazi, kama waraka wangu unavyotaka.